Pale Kitabu Kinapojifungulia

Ukimwomba riwaya nzuri ya vita vya meli zetu huko Pasifiki, mzee wa duka la vitabu vikuukuu hapa Bremerton, mji wa wanamaji wa Marekani, ana kipimo chake. Anashusha kitabu kimoja rafuni, anakisimamisha mezani, mgongo wa kitabu ukiwa chini, kisha anakiachia taratibu, vidole vikibaki hewani kama vya mtu anayesikiliza kitu cha mbali. Kitabu hujifungua chenyewe, pale waliokisoma walipoparudia zaidi. Kikifungukia kwenye kurasa za mizinga, anakirudisha. “Makelele matupu haya,” ananiambia. “Vitabu vizuri ni adimu kama maji ya kuoga melini, bwana.”

Jumanne, manyunyu yakitambaa kwenye kioo cha dirisha, Darlene wa duka la maua alileta kitabu cha vita alichoachiwa na marehemu baba yake, akitaka kukiuza. “Habari za miaka yote aliyopigana kule Pasifiki, hakunisimulia hata neno moja.”

Mzee alikisimamisha, akakiachia. Kilifunguka bila kusita, kwenye ukurasa pekee uliochakaa: meli imezama, mwanamaji anaelea huku amemshika mwenzake ukosi, anamshikilia mpaka mikono inakufa ganzi, kisha anamwachia. Pembeni palikuwa na doa la dole gumba, jeusi kwa kurudiwa.

“Sikinunui hiki, mama,” mzee alisema kwa ile sauti yake ya chini, akamsogezea.

Darlene aliweka dole gumba lake juu ya lile doa. Halikulifunika.

“Kumbe ndiyo maana,” alisema, “alikuwa haniachii mkono, hata kanisani.”