Herufi Tatu, Kisha Nane

Moncef Ghorbel, karani wa makaburi ya manispaa huko Sfax, alilifanya kosa lake kwa dakika moja tu. Siku walipofungua hifadhi ya majina, kompyuta ilimuuliza itunze herufi kwa namna gani. Saloua, mwenzake wa meza ya pili, akamwambia achague UTF-8, inayobeba maandishi yote ya dunia.

"Inakula nafasi bure," Moncef akajibu. "Hii ya herufi za Kilatini tu ni nyepesi."

"We Moncef, kwani hapa tunazika Wafaransa?"

Akacheka. Akajaribu kwa jina lake mwenyewe, kwa herufi za Kifaransa, kama barua zote za ofisi. Likatoka safi. Basi kwa miaka mitatu wakaingiza majina ya maiti kwa Kiarabu, asirudi karani hata mmoja kuyatazama, na madaftari yalimonakiliwa yakapelekwa kusagwa. Loo! Maji yakimwagika hayazoleki. Kila herufi ya Kiarabu ilikuwa imegeuka alama ya kuuliza. Moncef alipobadili mpangilio, alama zilibaki alama.

Mwezi huu akaja Bi Mabrouka Chaabouni kutoka Gafsa. Mwanawe Ridha alifia hapa kazini, akazikwa na manispaa wakati mama yake amelazwa hospitali. Makaburi ya waliozikwa na manispaa yana namba tu. Mama kaja na jiwe la marumaru lililochongwa jina, anataka kujua aliweke wapi.

Moncef akatafuta kwa tarehe, maana tarakimu zilisalimika. Siku ile walizikwa sita. Akahesabu alama, kwa kuwa kila herufi iliacha yake: kwa Kiarabu Ridha huandikwa kwa herufi tatu, ukoo wake kwa nane. Makaburi mawili yakalingana.

"Lipi sasa?" mama akauliza.

"Sijui, mama."

"Na aliyechimba?"

"Alishafariki."

"Nani kayafanya haya, mwanangu?"

"Mimi."

Alisubiri aibu imjie. Haikuja. Alikuwa ganzi tupu, kama mguu uliokaliwa.

Mama akaenda akasoma Fatiha kwenye kaburi la kwanza, akasoma na kwenye la pili. Aliporudi alimwita dereva aliyemleta, na jiwe likaletwa ndani, likawekwa mezani kwa Moncef.

"Siwezi kumbandika mtoto wa mwenzangu jina la wangu," alisema. "Kaa nalo wewe. Hapa walau mtu atalisoma."

Moncef akaisogeza kompyuta pembeni, jiwe lipate nafasi.