Ukanda Mweusi Chini ya Ukuta

Nyumba niliyomjengea Mama kule Adungosi ilikuwa imebakiza kitu kimoja: kile kipande kinachozunguka chini ya ukuta, mafundi wetu hukiita skating. Fundi alitaka kukata vigae vilivyobaki. Mama alitaka nyeusi, kama ukanda wa udongo mweusi wa bondeni aliokuwa akiupaka chini ya kuta za nyumba yake ya zamani. Mimi nilitaka mbao nyeupe nilizoziona kwenye simu, na mimi nikipenda kitu sisikii la mwadhini wala la mteka maji msikitini.

Nilivuka mpaka pale Busia nikazinunua upande wa Uganda. Fundi alizigeuzageuza.

"Dada, huku watu wanaosha nyumba na maji ya ndoo. Hii itafura."

"Wewe piga msumari," nikamwambia.

Mama alihamia Jumamosi. Jumapili kabla ya kanisa alimwaga ndoo nzima sebuleni akasukuma maji nje kwa ufagio, kama mama zetu wote. Baada ya wiki tatu mbao zilikuwa zimevimba kama mandazi. Fundi alikuja akazibonyeza kwa kidole gumba, na hilo liliniudhi zaidi.

Kilichoniudhi kupita yote ni kwamba Mama alikuwa amerudi kulala kwenye nyumba ya udongo. Nilimfuata huko nikiwa nimepandwa na hasira.

"Mama, nimekujengea nyumba, halafu unalala hapa?"

"Nyumba ni mzuri," akasema. "Lakini sioni ukuta inaanza wapi. Nimejigonga mara mbili."

Ukuta mweupe, mbao nyeupe, vigae rangi ya maziwa. Kwake yote yalikuwa ukungu mmoja. Macho yalikuwa yanafifia kwa miaka, na hakuwa amemwambia mtu.

Nilitazama ule ukanda wa udongo mweusi. Nilipokuwa mtoto ulikuwa na upana wa kiganja. Sasa ulikaribia goti. Kila mwaka alikuwa ameuongeza, na kila Krismasi mimi nilikuwa nausifu kwamba umependeza. Niliona aibu mpaka nikakosa pa kuangalia.

Tulizing'oa mbao zote. Nilinunua vigae vyeusi hapa hapa mjini Busia, na fundi akaniuliza avipandishe hadi wapi.

"Muulize Mama," nikamwambia.

Mama aliinama, akapapasa ukuta, akaweka mkono chini kidogo ya goti.

"Hapa, mama?" fundi akauliza, penseli mkononi.

Mama alifikiri kidogo, kisha akaupandisha mkono upana wa vidole vinne.

"Weka hapa," akasema. "Hiyo nimeongeza ni ya mwaka ujao."