Nilivyoliomba Neno la Siri Msibani

Mimi ni mtu wa nyumbani. Mke wangu husema ningezaliwa konokono tusingehangaika kupanga nyumba. Miaka ya tisini ikielekea ukingoni nilikuwa mpiga chapa wa mradi wa nyuki pale Mpanda, na safari yangu ndefu ilikuwa kutoka kitandani hadi kwenye kompyuta. Mradi ulipofungwa ghafla, tukaambiwa gari linakuja Ijumaa kubeba mashine zote zikafutwe Dar na kugawiwa ofisi nyingine, nilihuzunika nikiwa nimeketi.

Kilichoninyanyua ni kitabu cha bwana nyuki wetu, Mnyamwezi wa Inyonga. Kwa miaka mingi alikuwa akiandika mambo ya warina asali wa kwao: miti ambayo nyuki huipenda, mzinga utundikwe wapi, moshi wa majani gani. Kilikuwa ndani ya mashine tu, hakijachapwa hata ukurasa mmoja. Nikaazima parokiani kisanduku cha kusomea diski, nikatia diski yangu, nikakichomeka, nikaanza kunakili. Mafaili yangu yakapita kama mbuzi walioona zizi wazi. La kwake likagoma: huna ruhusa.

Nikajaribu tena. Huna ruhusa. Nikazima, nikawasha, nikapiga meza kofi. Fundi aliyetufungia zile mashine alimpa kila mtu jina lake na neno lake la siri, na bwana nyuki, mwenzangu, kwa hofu kwamba kitabu kitakwenda Dar na kurudi na jina la mtu mwingine, alikuwa amekifunga hata kisisomwe. Neno lilikuwa kichwani mwake. Naye alikuwa Inyonga, anamzika baba yake.

"Si umfuate?" mke wangu akasema.

"Msibani? Nimwambie mfiwa, pole na baba, hebu nipe neno la siri?"

"Kwani wewe si mtani wake? Au utani wenu ni wa kula asali tu?"

Nikatafuta viatu. Sisi Wafipa na Wanyamwezi ni watani, na msibani mtani anaruhusiwa yanayomfukuzisha mtu mwingine. Nikapanda lori la tumbaku, juu ya magunia matupu. Kila liliposimama nilihesabu Ijumaa inavyosogea. Dereva akishuka kukagua gurudumu, mimi nashuka pia, kana kwamba naijua kazi ya magurudumu.

Nilifika jeneza likiwa tayari kando ya kaburi. Mwenzangu amesimama, macho makavu, mdomo umefungwa kama jalada lake. Nikajua nikisubiri, ujasiri utanikimbia. Nikavua viatu, nikateremka kaburini, nikalala chali.

"Jeneza halishuki!" nikapiga kelele. "Mpaka mfiwa anipe ninachotaka!"

Mayowe na vicheko vikachanganyika juu yangu.

"We Mfipa! Umetoka nyumbani? Leo radi itapiga kiangazi!"

"Mfukieni humo humo, atapata nyumba ya kudumu!"

"Wabeba mizigo nyie," nikawajibu, udongo unaniingia shingoni, "nani kati yenu ataweza kunibeba?"

Mwenzangu akachuchumaa ukingoni. "Unataka nini, mtani? Jogoo?"

"Neno la siri. Ijumaa wanabeba mashine. Kitabu chako kitafutwa."

Akaukunja uso. Nilidhani atalia, na kwa kweli nilitaka kutoka mle ndani. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika: alikuwa anacheka, mara ya kwanza tangu baba yake afe, shangazi yake aliniambia baadaye. Akalala kifudifudi, akainamisha kichwa kaburini, nami nikasimama, akaninong'oneza sikioni. Wazee wakanivuta mikono. Tukazika.

Sikungoja hata chakula. Njia nzima nilikuwa nalirudia lile neno kimoyomoyo, abiria wakinisalimia natikisa kichwa tu, lisije likadondoka. Asubuhi ya Ijumaa gari la Dar linapiga honi nje, mimi naitazama alama ya kunakili ikijaa polepole kama mtungi chini ya bomba bovu. Ikajaa. Nikachomoa, nikakimbilia parokiani kujaribu diski kwenye mashine yao. Kitabu kikafunguka pale pale. Hakikuuliza jina wala neno. Kufuli lote lilikuwa limebaki kwenye mashine ya zamani. Kilichohamia diski ni maandishi matupu, anayetaka asome, anayetaka afute.

Nikaiingiza diski mfukoni, nikaitoa, nikaificha chini ya godoro, nikaitoa tena.

"Unataga?" mke wangu akauliza.

Nikarudi kwenye lori. Mwenzangu nilimkuta mkekani na ndugu zake, kanyoa kichwa. Nikamwekea diski mkononi.

"Umekifunga?"

"Hakifungiki humu, mtani. Nimejaribu kila nilichojua. Yeyote mwenye kompyuta anakifungua."

Akaigeuzageuza, akatazama nyumba za jirani, koroboi dirishani, mizinga imepangwa chini ya upenu. Shangazi yake akauliza hicho ni kitu gani.

"Kitabu changu," mwenzangu akasema, akakitia katika mfuko wa shati na kuubonyeza. "Basi kikae hapa. Hapa kompyuta nani anayo?"

Shangazi akanisogezea uji. Safari hii nilikaa, nikanywa.