Betri Katika Sufuria ya Sombe

Betri iliyochemshwa hunuka kama sarafu iliyolowekwa kwenye mkojo. Ndiyo harufu inayonijia kwanza nikikumbuka masika ya mwaka nilioanza shule, kwetu Mboko, kando ya ziwa. Mjomba wangu, ndugu mdogo wa mama, alikuwa na tochi ya bati aliyojivunia, na betri zake zilipochoka hakuzitupa. Alizianika juani, na mvua zilipoliziba jua, alizichemsha katika sufuria ileile tuliyopikia sombe, yale majani ya muhogo. Zikishaiva, kama alivyopenda kusema, aliziuma kwa magego mpaka bati likabonyea, akatema mate meusi ukutani, kisha akazirudisha kwenye tochi zikiwa bado zina unyevu wa kinywa chake. Taa iliwaka kwa unyonge, nyekundu, na majirani wakamsifu kwa ujuzi. Mimi nilikula sombe kwa kuionja kwanza na ncha ya ulimi, nikiitafuta ile ladha ya chuma, na mara nyingi niliipata.

Kila betri aliyoiuma ilivuja uji. Uji ule ulishuka hadi kwenye springi iliyo chini ya tochi, ukakauka, ukageuka ukoko wa kutu na unga mweupe kama ukurutu. Kwa hiyo hata aliponunua betri mpya, mwanga ulibaki uleule mchovu. Alisema wauzaji ni wezi, akazitia hizo mpya sufuriani. Zikavuja nazo. Hakuna mtu nyumbani aliyewahi kuitazama springi.

Mchana mmoja wa mvua, mdogo wangu Riziki alikwamwa kooni na mwiba wa mgebuka, samaki wa ziwani. Mama alimmezesha matonge makubwa ya ugali ili yausukume, na yaliusukuma kweli, ukazama zaidi. Riziki alianza kutoa mate yenye damu, na kila alipojaribu kumeza alikakamaa mwili mzima. Tulimbeba hadi dispansari, mjomba akitangulia na tochi yake. Chumba kilikuwa na dirisha dogo, na kwa wingu lile hata meza haikuonekana vizuri. Muganga wa pale alikuwa na pensi, koleo ndefu, safi, ya kunasia vitu kama hivyo, lakini taa yake haikuwa na mafuta.

"Washa, nione," akamwambia mjomba.

"Iko inawaka, muganga."

"Hii ndiyo kuwaka? Hata kiberiti kinakushinda!"

Mjomba alifungua tochi, akaing'ata betri mbele yetu sote, akaifuta kwenye suruali. "Ngojeni kidogo. Iko tu na njaa."

"Njaa gani? Utadondosha mate yako mu kinywa ya mutoto! Toka na hiyo takataka!"

Muganga alituamuru tumtoe Riziki nje, chini ya ukingo wa paa. Mama alimlaza mapajani, mimi nikamshika kichwa, na muganga akampanua kinywa kuelekea kwenye mwanga wa wingu, maji ya paa yakituchuruzikia shingoni. Pensi iliingia, ikatoka tupu, ikaingia tena, na mwiba ukaja na uzi wa damu. Riziki alitapika miguuni pangu, kisha akalia kwa sauti ya kukwaruza, na mama akacheka kwa kusikia kilio. Mjomba alikuwa amesimama mlangoni. "Ni hizi pile," alinung'unika, akizigonganisha betri kiganjani. "Siku hizi banatuuzia uongo tu."

Kesho yake niliikwangua ile springi kwa mchanga wa ziwa, kwa udadisi tu. Betri zilezile zikatoa mwanga mweupe. Sikufurahi. Nguvu ilikuwamo siku zote, ikifia kwenye ule uchafu, huku sisi tukiula uchafu huohuo katika sombe.

Leo naishi mjini Baraka na natengeneza tochi za LED zenye nguvu kubwa. Nilijifunza kwa kufungua vilivyokufa. Tochi za sokoni nikizifungua nakuta uozo wa aina nyingine: springi ya chuma iliyopakwa mng'aro, waya mwembamba kama unywele, lehemu iliyodondoshwa kama kamasi. Vyote natupa. Naweka shaba nene, waya mfupi, na juu ya springi nalehemu utepe wa nyaya za shaba ili umeme usipite kwenye chuma. Nasugua kila mahali metali inapogusana. Kisha napima nguvu kwenye betri na kwenye taa yenyewe, na siridhiki mpaka vipimo viwili vikaribie kulingana, maana tofauti yake ndiyo mwanga ulioliwa njiani na ukinzani.

Muuguzi mmoja kijana hapa mjini, ambaye huniita mama, anatumia tochi yangu. Juzi nilimpelekea mkanda wa kuishikia kwenye dispansari yao, nikamkuta na mtoto aliyekwamwa na mwiba. Alimulika koo. Hata mimi, kutoka mlangoni, niliuona: mweupe, umesimama wima kando ya kimeo, nyama imevimba pande zote.

"Mama, mi naona muzuri kabisa," akaniambia bila kugeuka. "Sasa nitatoa na nini? Vidole?"

Pensi yao ilivunjika zamani, na hakuna aliyeleta nyingine. Baba wa mtoto alimpakata, akapanda pikipiki kuelekea hospitali kubwa, udenda wenye damu ukimlowesha shati. Muuguzi alinirudishia tochi ili anawe mikono. Nilibaki nimeishika, ikiwa bado inawaka, ikimulika kila ufa na kila alama ya uchafu kwenye ukuta ule.