Mma Gape Ajifungia Nje ya Kgotla

Gape aliingia kampuni ya kuchimba visima mjini Palapye, ambako mama huitwa Mma na bwana Rra, kama mtu wa mapokezi, na hakuna aliyemtazamia makubwa. Alipokea simu, akachemsha chai. Kisha kampuni ikaletewa wiki yake, yaani kurasa za mtandaoni ambazo wafanyakazi wenyewe huandika na kusahihishana. Fundi aliyeifunga akaondoka mapema, wakubwa wakabaki kutazamana nani ataishika. Gape akasema, "Nipeni mimi." Akapewa, kwa kuwa hakuna mwingine aliyeitaka.

Waliipa jina Kgotla, kama baraza la kijiji ambako kila mtu ana haki ya kusema. Jina hilo ndilo lililomkera Gape. Kila mtu gani? Ruhusa ya kuingia walikuwa nayo watu wa ofisini peke yao. Wachimbaji, walioko porini na mitambo, walilazimika kumpigia simu awasomee mwamba wa upande fulani ukoje na bomba lishuke hadi wapi. Akiwasomea, wanamkatiza.

"Hapo mmedanganywa, Mma. Pale chini kuna mchanga unaomeza vyuma."

Maneno kama hayo, yenye faida kuliko ukurasa wenyewe, yaliishia hewani. Gape akaanza kumwandama mkurugenzi, Mma Ntsima, karibu kila juma.

"Waingie humo wasome mafaili ya watu?" Mma Ntsima alikuwa akimjibu.

"Hawatayaona, Mma. Kila ukurasa una mlango wake. Nawapanga watu kwenye vikundi, na kila kikundi nakipa milango yake tu."

Mwishowe mama yule alichoka. "Ijumaa saa sita nitakuwa na wenye kampuni. Wakimwona mchimbaji anasoma na kuandika kwa mkono wake, na mafaili yamefungwa, sawa. La sivyo, sitaki kulisikia tena."

Basi Ijumaa hiyo Gape alifika ofisini mapema. Akaunti za wachimbaji alikuwa amekwisha kuzifungua. Kilichobaki ni vikundi. Akaanza na kikundi kipya cha walinzi, wale wenye uwezo wa kuingiza na kutoa watu. Na hapo akafanya kama alivyolelewa. Kwao chakula kikipakuliwa, wakubwa hupewa kwanza, na aliyepika hujipakulia mwisho. Akamwingiza Mma Ntsima. Akamwingiza Rra Kelapile, mkubwa wa wachimbaji wote. Kabla hajajiingiza yeye, akaona kikundi cha zamani cha walinzi, ambacho ndani yake alikuwemo yeye na yule fundi, kinachafua ukurasa. Akakifuta.

Kioo kikamjibu: Huna ruhusa.

Alibonyeza tena. Huna ruhusa.

Oarabile wa meza ya pili alinyoosha shingo. "Umefanya nini?"

"Nimejifungia nje."

"Na funguo?"

"Anazo Mma Ntsima, na yuko njiani anaendesha gari. Simu ameizima. Mwingine ni Rra Kelapile."

Oarabile alicheka mpaka akashika meza. "Mlinzi kajisahau mlangoni. Nenda basi kachemshe chai, hiyo hawajakunyang'anya."

Gape hakumsikia. Alikuwa tayari anapiga simu. Ilikata. Akapiga tena. Ikakata. Mara ya tatu sauti ya mzee ikatokea katikati ya upepo.

"Nimepanda juu ya lori, Mma. Chini huku mtandao unakatika-katika. Dumela. Umeamkaje?"

"Nimeamka, Rra, ila..."

"Na mama, mguu wake?"

"Unapona, Rra. Wewe umeamkaje?" Gape alijibu huku vidole vinacheza juu ya meza. Salamu za mzee hazirukwi, hata nyumba ikiungua. Zilipokwisha, akamweleza.

"Kwa hiyo mimi niko ndani na wewe uko nje," mzee alisema polepole, akiionja ladha yake.

"Ndiyo, Rra."

"Aa. Miaka yote nakuomba unisomee. Leo niombe."

"Nakuomba, Rra Kelapile."

"Vizuri. Nibonyeze wapi?"

Akamwongoza. Fungua Kgotla. Shuka chini. Unaona palipoandikwa walinzi? Mzee alikuwa akisoma kila neno kwa sauti, na chini ya lori vijana wake walikuwa wakimshangilia kama kwenye mpira.

"Naona jina langu. Kumbe limekaa vizuri. Hapa pana 'ongeza mtu'."

"Hapo hapo, Rra."

"Nimekuona, kwa jina lako lote: Mosetsanagape. Nabonyeza."

Gape akafungua upya ukurasa wake. Milango yote ikafunguka. Akainuka, akaketi, akainuka tena. "Nimeingia! Rra, usishuke hapo."

Akawaingiza wachimbaji kikundini mwao mmoja mmoja, haraka haraka, na kila aliyeingia mzee alimtangaza kwa sauti kule porini. Kisha mzee akajaribu mlango mwingine.

"Faili langu linakataa kufunguka," alisema. "Nilitaka nione mliniandika nini."

Gape alicheka kwa furaha tupu. "Ndivyo inavyotakiwa, Rra. Sasa nenda ukurasa wa ule mchanga, uandike."

Mma Ntsima alipoingia na wageni wake, wenye kampuni, viatu bado vina vumbi, ukurasa ulikuwa wazi kwenye kioo kikubwa. Mistari ilikuwa inatokea mbele ya macho yao: Hapa mchanga unameza vyuma. Teremsheni bomba la kuuzuia kwanza. Kelapile.

Mmoja wa wageni akasogea karibu. "Huyu yuko wapi?"

"Porini, Rra," Gape alisema. "Juu ya lori."

Mma Ntsima akaketi mwenyewe kwenye kompyuta, akajaribu mafaili kwa akaunti ya mchimbaji. Yalimkatalia. Akajaribu tena, yakamkatalia. Akamgeukia Gape.

"Na wachimbaji wetu wa upande wa Maun, umewaingiza?"

"Bado, Mma."

"Unangoja nini?"

Gape akawaingiza. Walikuwa hawajamaliza hata chai, simu ikalia. Alikuwa Rra Kelapile, amekasirika. "Mma, kuna mtoto wa Maun ameingia humo akanisahihisha. Ati bomba lishuke zaidi."

"Ana haki, Rra. Na wewe unaweza kumjibu."

Upepo ulivuma simuni. "Ngoja nipande tena lori," mzee akasema.