Jina Chini ya Picha

Enzi zetu pale Ifakara, kupigwa picha lilikuwa jambo la kuoga kwanza na kupaka mafuta mpaka magoti yang'ae. Sisi wa darasa la nne tulijipiga za uongo: boksi la sabuni ndiyo kamera, kanga ya mama ndiyo pazia, na anayecheka anatolewa.

Mchezo huo ulitokana na kitabu cha Mwalimu Kasiani. Kilikuwa na picha za Wakiowa, watu wa asili wa Amerika, zilizopigwa karne ya kumi na tisa. Wamekaa wima, nywele zimesukwa, shanga kifuani, macho hayakwepi. Chini ya kila picha, jina la mtu.

Ofisini kwa mwalimu mkuu kulikuwa na picha kuukuu ya kwetu: msichana kasimama kando ya mto, bangili ya shaba mkononi. Chini imeandikwa, "Mwanamke wa Kilombero."

Nikamuuliza Mwalimu Kasiani, "Mbona Wakiowa wana majina na huyu wetu hana?"

"Hakuna aliyewahi kuuliza," akasema.

Jioni nilimsimulia bibi yangu akipepeta mchele. Aliweka ungo chini, akanihoji habari ya ile bangili mara tatu. Asubuhi akavaa kitenge cha kanisani, tukaongozana hadi shuleni.

"Huyu ni mama yangu," alimwambia mwalimu mkuu.

"Utajuaje, mama? Picha ni ya zamani mno."

Bibi akafungua pindo la kitenge, akatoa bangili ileile, imebonyea palepale ilipobonyea pichani. "Anaitwa Semeni binti Lihumbo. Alilima mpunga bonde hili mpaka uzeeni. Andika."

Mwalimu mkuu, tuliyemwogopa kuliko mamba wa mtoni, alichukua kalamu akaandika. Mwalimu Kasiani akaita darasa zima, tukajipanga mbele ya picha. "Shikamoo, Bibi Semeni."

"Marahaba, wajukuu zangu," bibi akaitikia kwa niaba ya mama yake, kidevu juu. Siku hiyo nilitembea Ifakara nzima kama niliyerudi na kombe.

Siku hizi wajukuu zangu wanajipiga picha hamsini kabla ya chai, midomo wameichongoa kama perege. Nikiuliza, "Huyu uliyemkumbatia ni nani?" wananijibu, "Sijui, bibi, tulikutana tu." Nacheka, ila moyo unaniuma kidogo. Sisi picha yetu ilikuwa moja, na tuliiamkia kila asubuhi tulipopita ofisini.