Kisogo cha Bibi Harusi

Nilikuwa namngoja mke wangu katika saluni moja hapa Bunia, dada mmoja akaketi na kumwambia msusi, "Kaza muzuri, mama. Niko naolewa samedi."

Msusi alipapasa kisogo cha dada huyo, mahali nywele zilipokatika na vipele kutokea. "Nani alikusuka hapa?"

"Ni weye."

Taratibu msusi akafungua kitambaa chake cha kichwani, akatugeuzia kisogo kitupu kama kiganja. "Miye pia walinikazaka hivi," alisema. "Unisamehe."

Akamsuka mistari minene, milegevu, na nywele za kisogoni hakuzigusa.

Hiyo samedi, yaani Jumamosi, mimi na mke wangu tulimwona dada harusini akicheza na kugeuza shingo bila kukunja uso. Nami nawaambia, msusi anayekiri kosa ni adimu kuliko dhahabu ya Mongbwalu.